Kugonga Mbao

Mchungaji Nsajigwa kaniita Jumatatu, siku isiyo na kengele,
nikakague mabenchi arobaini ya usharika wetu wa Keko.
"Fundi, niambie yapi yanafaa.
Kamati inataka viti vya plastiki,
vyepesi, kama vya kule hemani."

Sikubeba futi. Nilibeba kifundo cha kidole.
Mbao nzima hujibu: ko.
Iliyoliwa hunyamaza kwanza, kisha hujibu: fu,
kama mtu anayeitikia amina na sala hakuisikia.

Benchi la kwanza: fu.
La pili, la wazee wa kanisa,
rangi mpya juu ya rangi mpya: fu.
Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako;
hawakuwa maseremala.
Mchwa hana haja na nguo.
Anaiacha vanishi inang'aa, anaiacha hata namba ya benchi,
anakula katikati,
anatuachia ganda la kukalia.

Mengi ni ya msonobari, ya mwaka wa jubilei,
tulipopungukiwa fedha tukayapaka yafanane na mninga.
Nilishika brashi mwenyewe.

La tisa nikalipindua.
Chini yake mwandiko wa baba, penseli ya seremala:
*Mninga wa Tabora, 1968. Deni wamelipa akina mama.*
Pembeni, jojo iliyokauka,
na herufi za bikari: ATU, DARASA LA KIPAIMARA.

Atuganile sasa ana miaka ishirini na minne.
Jumapili hupanda bodaboda hadi Mbagala,
kwa nabii anayeuza maji kwa chupa.
Nilimuuliza, kwa ukali, amekosa nini kwetu.
"Baba, kule mtu akilia, jirani humshika bega.
Kwetu akilia, mhudumu humwonyesha mlango wa pembeni."
Nilikuwa na jibu. Nilikuwa na katekisimu nzima,
na shule tulizojenga, na zahanati.
Nilipofumbua kinywa nikajisikia:
fu.

Alhamisi, kamati.
Mama Ndeshi anataka kinanda cha umeme na spika mbili.
Mzee Eliapenda anataka kila kitu kibaki,
isipokuwa vijana, ambao warudi.
Mwekahazina akasoma deni la maji mara mbili,
mara ya pili polepole.
Kisha mtu, sikuona nani, akauliza:
"Fundi, linatengenezeka?"

Benchi ni li-. Kanisa nalo ni li-.
Sikujua anauliza lipi.

Nikajibu ninalolijua.
Dawa huua mchwa, hairudishi mbao.
Unakata. Unakata hadi unga utoke na harufu yake,
hapo ndipo unapounga.
Wakati mwingine unakata hadi unabaki na mguu mmoja
na aibu.
Ukikatia njiani kwa huruma, umewahamishia mchwa nyumba mpya.

"Yamepona mangapi?"
Kumi na moja. Tisa ya mninga,
na mawili ya msonobari, sijui kwa nini.
Lile la baba halimo.
"Kumi na moja hayatutoshi!"
Tuko sitini, Mzee. Tumezoea kukaa
kila mmoja na benchi lake, kama wenye ugomvi.
Tutabanana.
Hakuna aliyecheka. Mchungaji aliandika kitu, akakifuta.

Hawajaamua. Ofa ya viti ingali mezani.

Usiku huu nimelileta la tisa karakanani, bila kutumwa.
Jiliwa langu limekufa, mbao inacheza chini ya msumeno.
Atu kapita na sahani ya wali,
kasimama, kasoma mwandiko wa babu yake,
kapitisha kidole juu ya jina lake.
Kisha kaweka sahani juu ya maranda,
kashika upande wa pili.

Tumekata hadi saa tano.
Unga ulikuwa mweupe, mkavu, kama majivu.
Kwa mbali, karibu na fundo, ukaanza wekundu,
au taa yangu ni mbovu.
Jumapili sijui atakwenda wapi.
Sikumuuliza. Nilisema tu: shika vizuri,
bado.