Waya Mmoja

Siku Omollo alipojikwaa kwenye waya
skrini ililala kifudifudi sakafuni, Manyatta nzima ikasikia.
Nililipa kioo kwa miezi minne, mia tano mia tano,
nikaapa mbele ya mama muuza omena wa mlango wa pili:
humu ndani, waya tena, hapana.

Jumapili nikashuka Kibuye.
Juu ya turubai, kati ya pasi za umeme na vichwa vya cherehani,
padi mbili zisizo na waya. Moja nyeusi,
nyingine nyeupe iliyogeuka rangi ya jino la mvuta sigara.
"Zinafanya kazi?"
"Zinawaka," akajibu muuzaji,
nami nikalipa kabla sijapima umbali kati ya maneno hayo.

Kompyuta yangu haina yale madirisha ya kulipiwa.
Ilitoka shule iliyofunga maabara;
nikaifuta, nikaipa mfumo huria,
ulioandikwa na watu nisiowajua, usiku, bure,
usiodai leseni wala kunitisha kila Januari.
Hukupa jembe. Shamba ukatafute.

Nilibonya. Taa ikapepesa. Ikapepesa.
Padi ilinikonyeza saa nzima kama mchumba asiye na nia.
Nikafungua lile dirisha jeusi, nikaandika: tafuta.
Zikaja herufi na namba, jozi sita, jina lake la ndani.
Oanisha. Ikakubali.
Unganisha. Ikakubali.
Nikageuka kumwita Omollo; kurudisha macho, imeondoka.

Ndoa tisa, talaka tisa,
usiku mmoja, na tokeni za stima zinahesabu kushuka.

Shikuku, fundi redio wa Kondele, alipita kukopa chaja.
Akachungulia bila kukaa.
"Mmeoana," akasema, "lakini hujaiamini."
Nikadhani ni methali. Kumbe ni amri.
Neno lenyewe lilikuwa kwenye orodha tangu mwanzo:
amini. Nikaliandika, herufi tano.
Taa moja. Haipepesi.

Ile nyeupe ilikuwa na pepo.
Mchezaji wake alitembea kushoto bila kuguswa,
polepole, mpaka nje ya uwanja,
kama mtu aliyekumbuka ameacha sufuria mekoni.
Kijiti kimelegea. Nikaupanua ule ukimya wa katikati,
kile kiasi ambacho kidole hutetemeka na mashine isisikie,
kutoka tano hadi kumi na nane.
Akasimama. Nikampenda.

Lakini mkwaju ulichelewa. Unapiga, mpira unafikiri.
"Mama Gemu, hii inakuja kwa posta," akasema Omollo.
Nikalaumu kiini cha mfumo, nikakisasisha.
Nikalaumu betri. Nikamlaumu mchomeleaji mageti ng'ambo ya ukuta,
nikaamka adhana ya kwanza, yeye bado amelala,
nikapiga penalti peke yangu gizani,
na bado mpira unafikiri.

Ni kile kidude cha bluututhi. Kilijibana nyuma ya kompyuta
shavu kwa shavu na diski ya nje,
kikijaribu kusikia mnong'ono ndani ya kinu cha posho.
Dawa yake: kukitoa pale, kukipandisha juu, kipumue.
Na kukitoa pale kunahitaji
(nilicheka mpaka mama wa omena akagonga ukuta)
kunahitaji waya.

Mita moja. Mia na hamsini, soko la Jubilee.
Nikaupitisha nyuma ya rafu, nikaubandika kwa solotepu,
juu, pasipofika mguu wa mtu.

Sasa saa kumi wakitoka shule
Omollo hukaa benchi la mwisho, karibu na mlango,
pale waya wa zamani haukuwahi kufika,
magoti juu, padi nyeupe tumboni.
Goli likiingia inamtetemekea mikononi.
Hilo sikulitengeneza mimi, lilikuja lenyewe;
sijui nani aliliandika, wapi, kwake ilikuwa saa ngapi.

Mama wa omena, shahidi wa kiapo changu,
ameuona ule waya.
Nimemwambia ni antena.