Vizigeu

Kompyuta arobaini zimefika chuoni Mbale
zimeviringishwa kwa magunia ya chai,
kila moja na diski yake, kila diski na marehemu wake:
barua za ofisi, picha za harusi, hesabu za saruji.
Mkuu wa chuo akasema, "Kageha, Jumatatu wanafunzi wanaingia."
Ilikuwa Ijumaa, saa kumi, mvua ishapiga hodi mabatini.

Siwezi kukaa mbele ya arobaini nikijibu maswali yale yale.
Nikaandika faili moja, mistari thelathini na miwili,
inijibie nikiwa nimelala:
lugha, Kiswahili; saa, ya Nairobi;
futa kila kilichokuwapo, usiniulize mara mbili.
Kisha gawa.

Nusu giga ya kuwashia, mlangoni kabisa.
Giga ishirini za mzizi, mwanafunzi asiziguse.
Giga nane za kuazima pumzi, kumbukumbu ikizidiwa.
Batli zikae peke yake, maana nazijua batli:
huvimba usiku kama unga uliotiwa hamira,
kukicha nyumba nzima haina pa kukanyaga.
Mfumo wa faili uwe ule wenye shajara,
unaoandika kabla ya kutenda,
kwa kuwa umeme wa hapa huondoka bila kuaga.
Na kinachobaki, chote, kiwe makao.
Hapo neno ni moja tu: *kua*.
Kizigeu kikue hadi kiguse ukingo wa diski.

Baba hakuwa na neno hilo.
Alikuwa na ekari moja na robo juu ya Chavakali, nusu yake mawe,
wana wanne, na kamba ya katani.
Nina miaka kumi na mmoja, nimeshika ncha.
Baba anahesabu hatua, Asava anachimbia mikonge,
Kisia analalamika kuwa mwamba umeangukia upande wake.
Kila mmoja alipata upana wa matuta sita ya viazi.
Mimi nilipata kushika kamba.

Silaumu. Naeleza tu kwa nini nilipima mara tatu
kitu ambacho mashine ingepima mara moja.
Mpaka ukishakaa, kuusogeza ni kesi.
Ya Kisia ina miaka tisa.

Saa tisa usiku thelathini na tisa zimekubali,
zimenyonya kila kitu kutoka kwa seva, kupitia waya.
Ya kumi na saba kadi yake ya mtandao ilikuwa imekufa,
nikaichomekea flashi, nikaenda kuchemsha chai.
Niliporudi, skrini nyeusi, herufi nyeupe:
sioni nilikotoka.

Nilikuwa nimeandika "diski ya kwanza".
Diski ya hiyo moja ni ya aina mpya, ina jina jingine,
na ya kwanza kwenye foleni ilikuwa flashi yangu.
Faili ikatii. Ikaikata vipande vitano, giga kwa giga,
mlango, mzizi, pumzi, batli, makao,
vyote ndani ya kitu kidogo kuliko kidole gumba.
Nimekata tawi nililokalia, tena kwa maandishi.

Humo ndimo ilimokuwa picha ya ramani ya Baba,
niliyoipiga kabla panya hawajamaliza karatasi.

Chai ilipoa. Nikaufuta mstari ule, nikaandika mwingine:
usitafute ya kwanza,
itafute kwa namba iliyozaliwa nayo.
Nikaazima flashi ya mlinzi, yenye nyimbo za kwaya,
baada ya kuzihamisha moja moja.
Na kwenye ya kumi na saba sikuandika *kua*.
Niliacha giga kumi bila mfumo, bila jina, bila mwenyewe.
Mkuu akiuliza nitasema ni akiba.

Saa kumi na mbili na dakika chache simu ya Kisia:
kesi imesogezwa, ni Alhamisi.
"Uje na ile flashi," akasema.
"Hakimu anataka kuona."