Mguu wa Nne wa Mizani

Mizani yetu ya kituo namba nne
ina miguu mitatu mizima na mmoja mfupi.
Aliyenitangulia aliuwekea karatasi,
kijitabu kilichokunjwa mara nne,
nami nikakirithi pamoja na kiti, kalamu,
na desturi ya kukata kilo mbili kila kikapu:
moja ya maji ya mvua,
moja ya kikapu chenyewe,
hata Januari, jani likiwa kavu kama ulimi wa mgonjwa.

Wapo wanaohesabu mizani kwa silabi.
Mimi huihesabu kwa migongo.
Mgongo wa Tinkasiimire, ishirini na sita. Andika ishirini na nne.
Mgongo wa Ocitti, thelathini na moja. Andika ishirini na tisa.
Mgongo wa Candiru wa kutoka Arua,
tumbo lake likitangulia kama mtu mwingine kwenye foleni,
kumi na tisa.
Andika kumi na saba.

Alijifungua Alhamisi. Siku ya tisa
nikamwona tena mstari wa arobaini,
mtoto kalazwa juu ya gunia la mbolea katikati ya michai,
vidole vya mama vikichuma
majani mawili na kichipukizi,
majani mawili na kichipukizi,
kana kwamba hakuna kilichozaliwa duniani
ila chai.

Siku hiyo ilinyesha tangu Kyenjojo hadi kwetu.
Udongo ukalainika, mizani ikainama kama mlevi,
nikapiga magoti kuinyoosha.
Karatasi ikanibakia mkononi, nusu imeoza,
korongo wa nembo ya taifa kajaa tope hadi shingoni.

“Karani, ni nini hicho?”
“Sheria.”
“Ya nani?”
Nilitaka kusema ya serikali. Nikakohoa.
“Isome.”

Ilikuwa ya Kiingereza. Akasema, kwa Kiswahili basi,
maana yeye Kitooro hakijui na mimi Kilugbara sikijui.
Na Kiswahili huku kwetu, tusidanganyane,
kilikuja kimevaa buti:
leta kitambulisho, lala chini, mikono juu.
Mama yangu akikisikia redioni hadi leo hufunga mlango.
Sijawahi kukitumia kumpa mtu kitu.

Nikasoma. Siku sitini za kazi, zenye ujira kamili,
kwa mwanamke aliyejifungua.
Nikasoma polepole, nikiyaokota maneno topeni:
likizo, fidia, glavu,
anayenyunyiza dawa apewe kinga bila kulipishwa.
Ocitti, mwenye pampu mgongoni miaka sita,
akaifunua leso aliyojifungia puani, akaitazama,
akaifunga tena.
Nyuma kule mtu akacheka.
Candiru hakucheka. Alihesabu vidole,
tisa,
akakitazama kile kimoja kilichobaki
kama mtu aliyetumwa sokoni bila pesa:
hamsini na moja angezihesabia wapi?

Kijitabu alikichukua. Kimefungwa mbelekoni,
kati ya mgongo wake na kifua cha mtoto.
Kesho yake alikwenda mjini kwa afisa wa kazi,
akakuta kufuli, na mlinzi aliyesema Jumatano.
Jumatano wanakwenda kumi na watatu.

Meneja ameuliza nani katoa karatasi chini ya mguu.
Nimesema mchwa.
Nimeweka jiwe, lakini jiwe halikai,
na mizani sasa inatikisika kila ninapopumua.

Na zile kilo mbili?
Jumatatu nilikata moja.
Nilijiona mtu mwema, nusu mtu mwema.
Candiru alifuata kalamu yangu kwa macho,
hakusema neno.
Alisimama tu, kikapu kitupu mkononi,
foleni nzima nyuma yake ikilowa,
mpaka nilipofuta.