Kekee

Kekee ni ile ile.
Bukavu niliitumia kwenye magego ya watu,
nikiwaambia, "Achama, baba, haiumi,"
ilhali inauma.
Hapa Damariscotta, chumba cha chini ya ardhi,
kando ya boila inayokohoa usiku kucha,
natoboa chaza aliyekufa miaka elfu mbili iliyopita.
Huyu haombi ganzi.

Unga wake ni wa kujaa ncha ya kucha.
Naukinga kwa karatasi, naupa namba.
Daktari Thibodeau anautia tindikali,
mashine inavuta mvuke wake na kuupima:
oksijeni nzito kiasi gani, nyepesi kiasi gani.
Maji yakipoa, nzito huzidi.
Yakipata joto, hupungua.
Gamba limeweka homa zote za mto
kama daftari la madeni dukani,
na mwenye duka hasahau.

Lakini mto nao ni mwongo.
Theluji ikiyeyuka, mwezi wa nne,
maji matamu hushuka kwa fujo, mepesi,
na mashine husoma joto mahali pasipo joto.
"Namba moja, visa viwili," husema Thibodeau,
akifuta ubao kwa kiganja.

Siku moja alikuja Bi Sockabasin, Mpassamaquoddy,
koti limelowa, kiti akakikataa.
Mabibi zake walikula chaza hawa
wakatupa magamba hadi yakawa kilima;
baadaye wenye kiwanda wakakisaga kilima
wakalisha kuku.
Aliuliza moja tu:
"Walikula kwa njaa, au kwa karamu?"

Nikamwonyesha ukingo, pale gamba lilipokomea:
barafu ndiyo kwanza inaachia,
akiba za vuli zimekwisha.
Njaa, nikasema.
"Watu huoana hata mwezi wa tatu,"
akasema, akafunga vifungo.

Halafu kuna ule mstari mweusi, kila mwaka.
Baridi ilipozidi chaza alifumba,
hakula, hakukua, hakuandika.
Miezi minne haipo.
Afisa wa Boston aliwahi kuniuliza,
kati ya Novemba na Machi ulikuwa wapi,
kalamu ikining'inia.
Nikaitazama ile kalamu.
Mkalimani akanywa maji.

Nina gego langu, nililong'olewa hapa,
limo katika kikopo cha vidonge.
Thibodeau anasema lina ziwa ndani yake,
maji niliyokunywa utotoni,
na kwamba niseme tu, siku yoyote, tutalisoma.
Nimesema nitafikiri.
Huu mwaka wa pili nafikiri.

Kesho nina magamba kumi na saba.
Boila imenyamaza. Napuliza ncha ya kekee
taratibu, vumbi lisinipande puani:
ni Julai ya mtu.