Namba ya Chini

Niliinunua kwa Sleyum wa makontena, pale Machomanne,
laki tatu na nusu, na ujira wa hamali juu yake.
Daktari alishasema: sukari imepanda, Bi Mize,
tembea nusu saa kila siku.
Nitembee wapi, daktari?
Alfajiri mbwa, adhuhuri jua,
jioni kila baraza lina mtu wa kuniuliza
naenda wapi mbio hivi, nani kafariki.

Basi nikatembea chumbani,
baina ya kabati la vyombo na kitanda cha marehemu,
kanga mbili, na raba za mwanangu wa kiume.
Kwa hesabu ya kile kioo chake kidogo
nimeshafika Wete na kurudi mara saba
na sikumpa mtu salamu.

Siku moja mkanda ukaongeza mbio wenyewe.
Sikugusa kitu.
Ukaenda kama aliyesikia jina lake likiitwa,
nami nikaangukia upande wa kitanda.
Nikasingizia umeme.
Mtu mzima hasimulii alivyoanguka ndani ya nyumba yake.

Wiki ya pili Suweid akapiga simu kutoka Unguja.
Yuko ofisi ya mizigo, Malindi, husoma kila karatasi.
"Shangazi, ile mashine yako ina jina gani?"
Nikamsomea herufi za ubavuni moja moja,
kama mtoto wa chuoni.
"Ipindue. Chini pana kibati."

Kuipindua! Nikamwita Bikombo na mwanawe,
tukailaza kama ng'ombe wa arusi.
Kibati kimejaa vumbi la nchi nyingine,
na unywele mmoja wa manjano, mrefu,
wa mtu aliyekimbia hapo kabla yangu.
Nikafuta kwa mate na ncha ya kanga.
Namba tisa. Nikazitaja.
Suweid akanyamaza, nikasikia magari ya Malindi.

"Imo," akasema.
Waliozitengeneza wameziita zirudi, mwaka wa tatu huu.
Mkanda hukimbia bila ya amri.
Kuna mtoto, huko kwao, mkono wake...
"Basi," nikasema. "Usimalize."
Maana Arafa, mjukuu wangu,
hukaa nyuma ya mashine nikitembea.
Mimi humdondoshea vifuu vya nazi,
mkanda unampelekea, anacheka.

Aliyoniambia niliyaandika nyuma ya kadi ya kliniki:
Toa plagi sasa hivi. Usijaribu mara ya mwisho.
Piga picha kibati. Tafuta risiti.
Mwendee aliyekuuzia, na waandikie wenyewe, hata wakiwa mbali.
Usimpe mtu, usimuuzie mtu.
Usiitupe nzima, kwa sababu nzima itaokotwa.

Risiti! Sleyum alinipa neno lake
na kalenda ya mwaka uliopita.
Picha akaitazama kama baba anayekataa mtoto.
"Mimi nauza kilichokuja, Bi Mize. Kontena halina mama."
Kisha polepole:
"Ikikushinda nirudishie, nikupe laki.
Kuna bwana wa Mkoani, ana chumba cha mazoezi cha vijana."

Laki moja.
Vidonge vya miezi miwili, na mchele.
Sitasema uongo: niliiwaza,
na Mwenyezi Mungu akiniona nikiiwaza,
mpaka kwenye kona ya skuli ya Madungu.

Mkoani kuna Arafa wangapi?

Nikaazima koleo kwa fundi Shaame,
nikaukata waya karibu na tumbo lake,
mkanda nikaupasua kwa kisu cha samaki,
ubavuni nikaandika kwa mkaa: MBOVU.
Sleyum nikamtumia ujumbe, zile namba tisa,
na swali: nyingine tatu kawauzia nani?
Hajajibu.
Jina moja nimelipata mwenyewe, mwalimu wa Tibirinzi,
ana pacha wanaotambaa.
Nakwenda kwake sasa, kwa miguu.

Wa barazani wameshaanza:
mbio hivi, Bi Mize, nani kafariki?
Hakuna, nawajibu, bado.
Nipisheni.