Kitabu cha Matukio

Kazini, Mtumba, kitabu kina jalada jeusi
lililochanika mgongo. Naandika:
Saa nne usiku. Nimepokea lindo. Hali shwari.
Saa sita. Mbwa wawili getini, wamefukuzwa. Hali shwari.
Saa nane. Upepo. Bati la kibanda linalia. Hali shwari.

Nyumbani, Ihumwa, ninacho kingine,
daftari la shule, nyuma yake jedwali la kuzidisha,
na humo naandika kwa mkono uleule:

Jumanne, saa moja asubuhi. Mkono wa kushoto, kisha macho.
Dakika mbili. Kalala.
Jumanne, saa tisa. Mwili mzima. Dakika nne na nusu.
Uji umemwagika. Hajaumia.
Jumatano. Kumi na moja, zile ndogo,
za kuinamisha kichwa kama anayeitikia salamu.

Miaka miwili nilidhani anaitikia salamu.

Jina lake Nyemo. Kwa Kigogo, furaha.

Degedege, walisema kwanza,
na macho yao yakapanda darini kumtafuta ndege.
Shangazi Yunisi akachoma kinyesi cha tembo,
tukakohoa sote, hata jirani,
ndege hakuruka.
Kisha wakasema kifafa.
Neno hili nimelitafuna lindoni usiku mzima:
ki-fa-fa,
kufa kudogo, kufa mara mbili,
na bado mtoto anaamka
ananyoosha mdomo kutafuta kikombe.

Hospitali ya rufaa walimpaka ute wa baridi kichwani,
wakambandika nyaya ishirini na moja.
Kwenye kioo mistari ikapanda, ikashuka,
mwandiko wa mtu anayeandika
akiwa juu ya lori la mchanga.
Daktari, kijana mpole mwenye viatu vya vumbi kama vyangu,
akataja jina refu la ugonjwa, nikamwomba alirudie,
akalirudia.
Akasema: hamkukosea kitu, mzee.
Sikuwa nimemuuliza.
Nilikuwa nimeuliza miaka saba, lakini si yeye.

Chupa moja ya dawa ni zamu sita.
Duka la Majengo wamesema njoo Ijumaa.
Ijumaa wakasema Jumatatu.

Damari hahitaji daftari.
Anakoroga mlenda, mgongo wake umetuelekea,
ghafla anasema: sasa.
Nami nafika kwa mtoto na mto mkononi
kabla kidole cha kwanza hakijatikisika.
Nimemuuliza anajuaje.
Anasema nyumba hubadilika pumzi.

Kazini mlinzi akilala anakatwa siku.
Nyumbani nililala, mwezi wa tatu ule,
nimeketi hivihivi, kiti hikihiki,
nikaamshwa na harufu ya nguo kwenye jiko la mkaa.
Kovu liko hapa, chini ya kiwiko, umbo la jani la mzabibu.
Damari hakuniandikia barua ya onyo.
Alimpaka mtoto asali, akanimiminia chai,
akakaa upande wa pili wa chumba
hadi giza likaingia, hakuna aliyewasha taa.

Leo nimerudi saa kumi na mbili na nusu,
mfukoni zabibu kumi nilizopewa na mtu wa Hombolo.
Nimezimenya, nimetoa mbegu kwa ukucha,
moja nimemwekea ulimini.
Akaishika mdomoni bila kutafuna.
Kisha akanitazama.
Si ukuta ulio nyuma yangu,
si ule mwanga wa dirishani anaoupenda.
Mimi.
Pumzi tatu, labda nne, nilisahau kuhesabu,
mimi ninayehesabu kila kitu.

Nikafungua daftari. Hakuna safu ya jambo hili.
Nikaandika saa, nikaweka nukta,
kalamu ikabaki hewani.

Unaandika nini, Damari akauliza.
Nikasema: naandika kwamba upepo umetulia.

Haukuwa umetulia.
Bati lilikuwa linalia juu yetu sote watatu,
na zabibu bado nzima shavuni mwake.