Alama ya Tatu

Tangazo lilisomwa Ipole, siku ya gulio:
kila gobore lisilo na kibali lifike kituoni kabla ya Ijumaa,
na mwenye kulileta hataulizwa.
La Kasubi lilikuwa nyuma ya mlango, limevaa vumbi,
siku arobaini na mbili tangu tumzike.

Gobore haliulizwi kwa jicho.
Mtutu wenye risasi na mtutu mtupu,
giza lao ni lile lile.
Nikauchomoa mdeki.

Mwenyewe aliuchonga alama mbili kwa tupa.
Ya juu, karibu na mkono: mtutu mtupu.
Ya pili, vidole vitatu chini yake: limeshiba,
baruti, kitambaa, golori,
kila kimoja kimemkalia mwenzake.

Nikaushusha polepole. Ukagota.
Alama zote mbili zilibaki nje, zinanitazama,
na ile ya pili ilisimama juu ya mdomo wa mtutu
kidole kizima.
Nikapima tena, kwa ukucha.
Kidole, na nusu ya ukucha.

Limeshiba, basi, lakini limeshiba vibaya.
Golori imekwama njiani, haikuifikia baruti,
na kati yao pana hewa.
Yeye ndiye aliyewafokea vijana wa mizinga kule porini:
"Shindilia mpaka mdeki uruke mkononi!
Risasi isiyokalia baruti humrudia aliyeishika."

Ndipo nikaukumbuka usiku wa kikohozi,
fisi wakizunguka banda la mbuzi,
akainuka, akakataa nimshikie taa.
Nilisikia chuma kikigonga, mara nne, mara tano,
kisha kimya.
Nilidhani amemaliza.
Mkono ndio ulioisha.

Kidole kimoja, Kasubi.
Nilikuwa hapo kitandani, macho,
na mikono hii inatwanga mahindi ya watu saba.
Hukuniita.

Nikaibandua fataki kwa ncha ya sindano,
nikaumiminia mtutu maji,
nikaliegemeza kwenye kinu usiku kucha.
Kulipokucha yalikuwa yakichuruzika tunduni,
meusi, yananuka kama yai viza.

Kituoni afande alifumba jicho moja, akachungulia.
"Tupu," akasema.
Nikamwambia, imo golori,
imekaa juu kuliko inavyotakiwa, kidole kimoja.
Akaacha kuandika.
"Kidole cha nani?"

Sikuwa na jibu la kumpa mtu mwenye kalamu.
Akaandika: gobore moja, bovu.
Nikatia dole gumba.

Mdeki haukuulizwa. Upo jikoni, juu ya kichanja.
Kwa tupa ile ile nimeuchonga alama ya tatu,
chini ya zile mbili zake.
Nyamizi anadhani ni ya kupimia asali kwenye debe.
Jana aliuchovya, akaulamba, akaniambia,
"Mama, imebaki kidogo tu ifike."
Nikamwacha apime.